Kifaa cha Nje

Barua ya kampuni ya bima ilikuwa na mistari minne, na mitatu kati yake ilikuwa salamu. Mstari wenye kazi ulisema kwamba ombi langu la Sh38,500 za kununulia kiti cha magurudumu limekataliwa, kwa kuwa kiti ni "kifaa cha nje". Dada yangu ndiye aliyeniletea wodini, Novemba 2018, nikiwa nimelala chali. Akaisoma mara mbili, akaniuliza, "Nje ya nini?"

Nje ya mwili, nikamwambia. Vyuma na skrubu walizonifunga mgongoni vililipiwa bila swali kwa sababu viko ndani. Kiti kingekaa nje yangu, kwa hiyo si tiba.

Nilikuwa karani wa hesabu katika ghala moja la Industrial Area, Nairobi, kwa miaka 9. Kazi yangu ilikuwa kujua kila shilingi imeingia upande gani wa daftari na kwa nini. Ndiyo maana haya yote nayakumbuka kwa tarakimu kuliko kwa machozi. Machozi nayo yalikuwepo, tusidanganyane.

Ajali yenyewe ni fupi. Jumapili jioni, mwezi wa Agosti, nilipanda boda kwenye Outer Ring Road nikitoka kumwona shangazi. Gari dogo likatugusa kwa nyuma. Mwenye boda aliinuka akajipangusa vumbi, mimi sikuinuka. Pingili ya mwisho ya kifua, ile madaktari wanayoiita T12, ilikuwa imevunjika na kuubana uti wa mgongo. Kuanzia kiunoni kwenda chini, miguu ikawa kama mizigo ya mtu mwingine aliyeniomba nimshikie.

Kitanda cha pili kutoka kwangu alilala binti aliyeangukiwa na marobota ya nguo kiwandani. Mgongo wake ulivunjika karibu palepale pa wangu, na tulifanyiwa upasuaji wiki moja. Tofauti yetu ilikuwa kwenye karatasi. Yeye aliumia kazini, na Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007, ambayo wengi tunaiita WIBA, inamtaka mwajiri agharimie matibabu pamoja na viungo bandia, magongo na vifaa vingine vya mwenye ulemavu, na pia kuvitengeneza na kuvibadilisha. Yeye na mwajiri wake walivutana kwa wiki kadhaa lakini mwishowe kiti kikaja, kipya, na barua ya kusema kikiharibika arudi. Mimi niliumia Jumapili. Nilijikuta usiku nawaza, laiti ningeanguka kwenye ngazi za ghala siku ya Jumatatu. Mtu hufikishwa mahali pa kutamani achague siku ya kuvunjikia mgongo.

Sheria ile ilikuwa imeona jambo ambalo mkataba wangu wa bima haukuliona, kwamba kiti huchakaa. Mkataba wangu haukukiona hata kikiwa kipya.

Kanisa likanichangia. Wazee walileta kiti cha Sh11,000 kutoka duka la vifaa vya hospitali mjini, wakakifunga utepe, tukaomba, tukapiga picha. Sina neno baya juu yao hata leo, walitoa walichokuwa nacho. Lakini kilikuwa kiti cha aina ile unayoiona kwenye mapokezi ya hospitali, cha kumsukumia mgonjwa kutoka mlangoni hadi kitandani na basi. Upana wake sentimita 46, nyonga zangu 36. Nilikaa humo kama mtoto aliyevaa koti la babake. Turubai la kukalia lilibonyea katikati kama machela, mto hapakuwa, na magurudumu madogo ya mbele yalikuwa ya kuteleza kwenye vigae. Vigae gani Pipeline?

Nilikuwa nakaa Pipeline, Embakasi, ghorofa ya tano. Anayeijua Pipeline hahitaji kuelezwa. Majumba yamebanana hadi jirani wa ng'ambo anaweza kukuazima chumvi dirishani, lifti hakuna, na ngazi ni nyembamba na zenye kona. Siku ya kutoka hospitali vijana wawili wa ploti walinibeba, mmoja kwapani na mwingine magotini, kaka yangu akapanda nyuma na kiti kichwani. Baadaye tukakubaliana bei: Sh200 kila kijana kushuka, Sh200 kupanda. Kwenda kliniki kukawa Sh800 kabla sijafika barabarani.

Kwa hiyo nilikaa juu. Kutoka Krismasi hadi mwezi wa tano nilishuka mara sita, zote kwenda kliniki. Nilianza kuwajua majirani kwa sauti za ndala zao. Huyu anaburuta, huyu anapiga mbio kuwahi maji kabla hayajakatika, huyu amerudi usiku wa manane anatembea kwa vidole ili mkewe asisikie. Mama mboga wa chini, ambaye nilinunua sukuma kwake kwa miaka minne tukipiga soga, alinipigia simu kuuliza kama nilihama. Alikuwa chini yangu, ghorofa tano tu.

Sasa nifike penyewe.

Karatasi niliyopewa wakati wa kuruhusiwa ilikuwa na orodha ya dawa, tarehe ya kliniki na muhuri. Juu ya kukaa haikusema kitu. Mtu mwenye hisia akikaa vibaya, mwili wake humsumbua mpaka ageuke, hata usingizini. Mimi huko chini hapanisumbui tena. Nilikaa kwenye lile turubai saa saba, saa nane, nikiona ni ushujaa kwa sababu angalau sikulala kitandani mchana. Mfupa wa kalio la kushoto ulikuwa unaisaga nyama kutoka ndani, na mimi naangalia habari za saa saba.

Dada ndiye aliyesikia harufu. Tulipogeuza nguo, kulikuwa na shimo la kuingia yai.

Nikalazwa tena, Mei 2019, wiki 11. Walisafisha kidonda kwanza, wakangoja wekundu mzuri uanze, kisha wakakata ngozi na nyama ya paja wakafunika shimo. Baada ya hapo nililala kifudifudi majuma mengi, nikila kama mjusi. Bili ikafika Sh263,400. Mwaka wa bima ulikuwa umeanza upya Januari, kikomo kilikuwa kizima, na ile kampuni iliyokataa Sh38,500 ililipa yote. Idhini ilikuja siku ileile, kabla ya saa kumi jioni. Sikuwa nimewahi kuona bima ikikimbia namna ile.

Muuguzi mmoja mtu mzima, aliyekuwa akinibadilishia bandeji asubuhi, aliangalia kiti changu kilichokunjwa pembeni ya kitanda akasema, "Mama, hiki kidonda si ugonjwa. Ni hicho kiti."

Niliomba kalamu. Sh263,400 ni viti sita vya bei ile waliyoikataa, na chenji ya Sh32,400 inabaki kwa mito na tairi. Niliandika hesabu hiyo nyuma ya kadi ya kliniki na bado ninayo. Kwa miaka mingi nilikuwa nimefundisha vijana wapya ghalani kwamba ukiona gharama ndogo imebanwa na kubwa inapita bila kuulizwa, tafuta anayelipa ni nani na daftari lake linafungwa lini. Jibu lilikuwa hapo. Mkataba wa bima ni wa mwaka mmoja. Kiti kizuri huanza kurudisha fedha zake mwaka wa pili, wa tatu, wa nne, na kufikia hapo mwanachama huenda ameacha kazi au mwajiri amehamia kampuni nyingine. Nani apande mwembe wa kuliwa na jirani? Kitanda cha hospitali nacho kina jina kwenye orodha yao, kina bei ya siku na daktari wa kutia sahihi. Kiti ni mali, mtu ataenda nacho nyumbani, na kitu cha kwenda nyumbani huwatia watu wa bima wasiwasi.

Hata hawakukosea walipokiita kifaa cha nje. Ndicho cha kunitoa nje. Walikosea kudhani nje si sehemu ya afya.

Kazi nayo ikaisha mwisho wa mwaka huo, kwa mkono wa heri na barua nzuri. Bima ya kampuni ikaondoka nayo. Nikawa mwanachama wa kujilipia wa NHIF, bima ya afya ya taifa wakati ule, Sh500 kwa mwezi.

Nilichojifunza kuhusu viti nilijifunzia Lenana Road, kwenye hospitali ya taifa ya majeraha ya uti wa mgongo, na mwalimu wangu hakuwa daktari. Alikuwa mzee wa miaka hamsini na kitu anayetumia kiti tangu ujana, amekuja kliniki kama mimi. Alinitazama ninavyokaa, akacheka kwa huruma, akasema, "Dada, wewe hukai, wewe umemwagwa." Akanionyesha kujiinua kwa mikono kila nusu saa ili damu ipite, na kuegemea mbele hadi kifua kiguse mapaja pale mikono ikichoka. Akaniambia nitafute kioo kidogo cha mkononi na kila jioni nijiangalie ninapoketi. Wekundu usiofifia, usikae juu yake, hata kama kuna harusi. Akanifundisha kuinua magurudumu ya mbele ili kupanda ukingo wa barabara, na kwanza kabisa akanifundisha kuanguka, kidevu kifuani, mikono ndani. Somo la kuanguka lilinipa ujasiri kuliko maombi yote, Mungu anisamehe.

Ni yeye aliyenielekeza kwa APDK, Chama cha Watu Wenye Ulemavu wa Viungo Kenya, kilichoanza 1958. Karakana yao ya viti iko Waiyaki Way, upande wa Westlands. Nilizoea viti vya kuletewa, pale nikapimwa kama kwa fundi wa nguo: upana wa nyonga, urefu wa paja hadi nyuma ya goti, kutoka goti hadi kisigino. Wakaniuliza naishi wapi, mlango una upana gani, njia ni lami au udongo, choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa, nani yuko nyumbani mchana. Hakuna aliyekuwa ameniuliza swali la mlango tangu niumie.

Baadaye nilikuja kujua kwamba utaratibu huo si wema wa mtu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa viti vya kusukumwa kwa mkono mwaka 2008, kwa ajili ya nchi kama zetu, na ndani yake huduma ya kiti ina hatua nane, kuanzia kuelekezwa na kupimwa hadi kufunzwa matumizi na kufuatiliwa baadaye. Hatua ya nne inahusu fedha na kuagiza. Mimi kanisani niliingilia hatua ya nne na kutokea hapohapo.

Kiti na mto vilinigharimu Sh41,000. Chama chetu cha akina mama wa ghala kilitoa 15,000, dada akatoa 6,000, zilizobaki zilitoka kwenye malipo yangu ya kuachia kazi. Ni kizito kidogo, rangi yake ya buluu imeanza kubanduka, na hakina urembo. Lakini magurudumu ya nyuma ni ya inchi 24, yanavaa tairi na tyubu za baiskeli, na Nairobi hakuna mtaa usio na fundi wa baiskeli. Pancha ni Sh50. Hicho ndicho kitu cha kwanza ninachomwambia mtu anayenipigia simu kuuliza anunue kiti gani: uliza kikitoboka nitakitengenezea wapi, kisha ndiyo uulize bei.

Pipeline sikuweza kubaki. Nilipata bedsita ya chini Kayole, kwenye ploti ya mzee mmoja aliyenipokea vizuri na kunipandishia kodi hapohapo, kwa kuwa vyumba vya chini vina bei. Mlangoni kulikuwa na kidato cha sentimita 15. Fundi wa mjengo akaniambia kila sentimita ya kupanda inataka 12 za kwenda mbele, kwa hiyo mteremko ungetaka mita 1.8. Mwenye nyumba akasema kibaraza ni cha watu wote, atanipa mita moja. Tukamwaga saruji ya mita moja. Ni mwinuko mkali, mvua ikinyesha naomba msukumo, na watoto wa ploti wameufanya mahali pa kutelezea kwa vifuniko vya ndoo. Choo ni cha kuchuchumaa, cha kushirikiana. Seremala alikata tundu kwenye kiti kigumu cha mbao, akakiwekea miguu mipana, na keateka hukipeleka ndani ninapobisha ukuta mara mbili. Heshima yangu ya kila siku inategemea keateka kusikia ukuta. Akienda kwao Krismasi, nami naenda kwa dada.

Sielezi haya ili nihurumiwe. Ninataka ieleweke kwamba hakuna hata kimoja kati yake kinachoonekana mahali bima ya afya inapotazama, na yote ndiyo yanayoamua kama nitarudi hospitali au la. Nikishindwa kufika chooni, nanywa maji kidogo. Nikinywa maji kidogo, mkojo unaniletea maambukizi. Maambukizi yana jina kwenye orodha na kitanda chake kinalipwa.

Kisha kuna usafiri wa matatu. Mara ya kwanza kwenda mjini na kiti kipya, makanga alishika mlango akaniangalia, akaangalia kiti, akaangalia abiria waliokuwa nyuma yangu.

"Siste, hiyo wilchea italipa kiti mbili."

"Inakunjwa, itakaa nyuma ya dereva."

"Hapo ni pa mizigo, na mizigo inalipiwa."

Nililipa. Wengine huwa hawasimami kabisa, dereva anaona gurudumu anakanyaga mafuta. Na wako makanga, lazima niseme ukweli, wanaoruka chini kabla gari halijasimama, wanakubeba kama yai na kukataa nauli. Siku haiwezi kupangwa juu ya tabia ya makanga. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 iliwapa wenye majengo ya umma miaka mitano kuyarekebisha tangu kifungu chao kianze kufanya kazi, na wenye magari ya abiria miaka miwili. Mimi bado napanda ngazi tatu za matatu kwa makalio, nikijisukuma kinyumenyume, na nikifika juu naanza kufikiria kidonda.

Oktoba 1, 2024 NHIF ikaondoka, ikaja Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Nilijiandikisha kwa simu, *147#, nikiwa kitandani, na hilo peke yake nalisifu. Kwa wenye mshahara mchango ni asilimia 2.75 ya mapato kabla ya makato, na hakuna anayelipa chini ya Sh300 kwa mwezi. Sisi wa kujiajiri hukadiriwa mapato kulingana na hali ya kaya, na utaratibu ulipoanza tulitakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo.

Kuna kitu kimoja katika mpango huu mpya kilichonigusa kuliko mijadala yote ya redioni. Huduma za msingi, za zahanati na kituo cha afya, zimewekewa mfuko wake unaotoka serikalini. Mtu anayeishi na uti wa mgongo ulioumia anahitaji daktari bingwa mara chache. Mara nyingi anahitaji mtu wa karibu wa kumwangalia wekundu kabla haujawa shimo, umbali ambao mikono yake inaweza kumpeleka bila matatu. Kituo changu kiko dakika 20 kwa kiti, dakika 35 kukiwa na tope. Kwangu mimi bima ya maana ni ile inayofika umbali huo.

Lakini asilimia ile ya 2.75 inaniudhi kikarani. Inahesabu kinachoingia tu. Mimi siku hizi nawaandikia vitabu wafanyabiashara wa Kayole, wenye duka la dawa, wenye hadwea, mama mmoja wa vibanda vitatu vya mitumba. Nawapangia taarifa za M-Pesa, nawajazia ritani za kodi. Nina wateja 14. Jirani yangu wa chumba cha nne anapata karibu sawa na mimi. Ila kabla sijanunua unga, mimi nimeshanunua mipira ya kutolea mkojo, glavu, sabuni, bandeji za akiba, na nimelipa nauli ya kiti cha pili. Mwaka jana daftari langu lilinionyesha Sh67,200 kwa vitu hivyo, bila kuhesabu mto mpya, na mto wenyewe hubonyea baada ya miaka miwili hivi. Ukitupima kwa kinachoingia, tuko sawa. Ukitupima kwa kinachobaki, hatuko nchi moja.

Msamaha wa kodi ya mapato kwa mwenye ulemavu aliyesajiliwa, kwa kipato cha hadi Sh150,000 kwa mwezi, ni mzuri, na nauheshimu. Unamfaa mwenye kipato cha kutozwa kodi. Ruzuku ya serikali ya Inua Jamii ya Sh2,000 kwa mwezi humfikia mwenye ulemavu mkali aliye kwenye orodha. Mto wa maana ni zaidi ya ruzuku ya miezi mitatu, na mwenye kupata ruzuku hiyo ana tumbo pia.

Ukitaka kuona jinsi mambo haya yalivyoandikwa vizuri, soma Katiba ya 2010, kifungu cha 54. Kinasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kufika mahali pote na kupanda usafiri wa umma, na haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kushinda vizuizi vya ulemavu wake. Neno lilelile, vifaa, na Katiba haikuuliza ni vya ndani au vya nje. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na kifungu chake cha 19 kinahusu kuishi katikati ya jamii. Mei 2025 ikatiwa saini sheria mpya ya kuchukua nafasi ya ile ya 2003. Karatasi tunazo. Kinachokosekana ni mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuchukua bajeti ya kidonda na kuiandika kwenye mstari wa kiti.

Nilisema hivyo mwaka huu katika kikao cha wadi, baada ya chifu kunipa dakika mbili. Kikao kilikuwa ukumbini, ukumbi una ngazi nne, wakaamua kuhamishia viti nje chini ya mti ili nami niwepo. Mzee mmoja akanung'unika juu ya jua. Mama mboga wangu mpya, wa Kayole, akamjibu, "Si uje na kofia, mzee. Yeye amekuja na kiti." Watu wakacheka, nami nikacheka. Karani wa kikao aliandika hoja yangu kama "ombi la msaada wa wheelchair". Nilimwita nikamwomba arekebishe. Sikuomba kiti, ninacho. Akafuta, akaandika kitu kingine ambacho sikuweza kukisoma.

Yule binti wa marobota bado tunapigiana simu. Kiti chake kimebadilishwa mara moja na mwajiri, kwa barua na kelele, na hajawahi kupata kidonda. Anakaa na mamake Githurai, anashona sare za shule. Mgongo uleule, wiki ileile ya upasuaji.

Changu kimeanza kulia upande wa kulia, gurudumu la mbele, sauti kama ya kifaranga. Fundi wa baiskeli amesikiliza akasema ni beringi, zote mbili, Sh400 pamoja na kazi. Atakuja Jumamosi asubuhi kabla sijaenda kwenye chama. Nimeshaandika kwenye daftari, safu ya matibabu.